Ronnie O'Sullivan: hasira zimemjenga au zimemnyima makombe?

#1 MgosiWaDuga
Wakuu, salaam. Mimi nasema hivi: Ronnie O'Sullivan ana makombe 7 ya dunia ya snuka, sawa na Stephen Hendry, na angekuwa na kifua cha kuvumilia kama Hendry au Steve Davis leo angekuwa na 10 kwenda juu. Kipaji kile sijaona kingine. Mwaka 1993, bado ana miaka 17, anachukua UK Championship mbele ya Hendry huyo huyo, 10–6, na Hendry wakati ule ndiye bingwa wa dunia. Halafu kombe lake la kwanza la dunia linakuja 2001. Katikati hapo amempiga ofisa wa habari mwaka 1996 akaponea adhabu ya kufungiwa kucheza iliyoahirishwa, pamoja na faini, na 1998 akanyang'anywa ubingwa wa Irish Masters baada ya kupimwa na kukutwa na bangi. Miaka imeliwa hivi hivi.

Wenzangu wa kijiweni Ngamiani, hapa Tanga, wanabisha. Wanasema bila ile moto yake asingekuwa Ronnie, angekuwa mchezaji mzuri tu kama wengine. Waliomfuatilia waje. Na tafadhali, tusichanganye na puli ya kutia koini pale Makorora.

#2 Kaskazi_Tanga
Mgosi, umeruka jambo kubwa kuliko yote. Ronnie anaingia uprofeshenali 1992 akiwa na miaka 16, na mwaka huo huo baba yake anahukumiwa kifungo cha maisha kwa kesi ya mauaji. Katoka 2010. Mwaka 1996 mama naye akafungwa kwa mambo ya kodi, kijana akabaki na nyumba na mdogo wake wa kike. Baba ndiye aliyemlea katika mchezo, ndiye aliyekuwa anamsukuma afanye mazoezi. Sasa wewe unauliza miaka ile imeliwa na nini? Mimi nashangaa kwamba alicheza kabisa.

#3 PuliMakorora
Mleta uzi, watu wa Makorora tumekusikia. Siku ukipita, weka koini mezani tukuonyeshe tofauti ya snuka na puli, ila uje na nauli ya kurudi Duga.

Kwenye hoja: hasira zinasaidia. Mtu akikuudhi unapiga vizuri zaidi. Mimi nikitulia sana nakosa hata mpira uliosimama mdomoni mwa shimo.

#4 MzeeWaChaki
Nawasalimu nyote.

Ujanani nilifanya kazi kwenye klabu moja ya zamani upande wa Raskazone. Ilikuwa na meza kubwa, futi 12 kwa 6. Kazi yangu ilikuwa kupanga mipira, kuandika pointi na kutunza kitambaa. Kitambaa cha snuka kina vinyweleo vinavyolala upande mmoja. Asubuhi unapiga brashi kuanzia upande wa kuanzia mchezo kwenda upande wa mpira mweusi, kisha unapitisha pasi kwa kufuata njia hiyo hiyo, hurudishi nyuma hata kidogo. Masika yakianza kitambaa kinavuta unyevu wa bahari. Unapiga kwa nguvu ile ile ya jana, mweupe unaishia njiani. Kule kwenye mashindano makubwa meza zinapashwa joto kutoka chini ili unyevu usikae, sisi tulikuwa tunafunga madirisha tu na kumwomba Mungu. Nimewaona watu wazima, waungwana wenye kazi zao na heshima zao, wakiligombeza lile jani la kijani kama vile linawasikia.

Sasa nije kwa Ronnie. Vijana mnaongelea hasira kana kwamba kila mchezo una nafasi sawa ya kuitoa. Mwanasoka akiudhika anakimbia, anakaba, jasho linamtoka, hasira inaondoka nalo. Bondia ndiyo kabisa. Mcheza snuka mwenzake akiwa mezani anakaa kitini. Hakabi, hazuii, haruhusiwi hata kujitikisa akamsumbua mwenzake. Anatazama mipira yake ikiisha. Anaweza kukaa hapo fremu nzima, yaani mchezo mmoja mzima ndani ya mechi, bila kugusa fimbo. Na fainali ya dunia pale ukumbi wa Crucible, Sheffield, ni hadi fremu 35, siku mbili. Nimewahi kumwona mtu mpole kabisa, kiongozi wa msikitini kwake, akivunja kipande cha chaki kwa vidole hadi kikawa unga akiwa kwenye kile kiti, na uso wake hauonyeshi kitu.

Kwa hiyo kwangu mimi tatizo ni kile kiti. Ronnie anacheza haraka kuliko karibu kila mtu, damu yake iko juu, halafu mchezo wenyewe unamwambia akae.

#5 Kaskazi_Tanga
Shikamoo Mzee wa Chaki. Hii ya kiti sikuwahi kuifikiria. Ahsante.

#6 MgosiWaDuga
Mzee, shikamoo kutoka kwangu pia. Lakini Hendry naye alikaa kwenye kiti kile kile. Davis naye. Davis ana makombe 6, alikuwa anakaa pale na glasi yake ya maji hata kope haichezi.

#7 Binti_Pangani
Naomba kuchangia, mimi ni muuguzi. Kitu mnachokiita hasira mwenyewe ameshakitaja hadharani mara nyingi kwamba ni sonona. Huo ni ugonjwa. Mwaka 2001 alichukua lile kombe la kwanza akiwa anatumia dawa. Mwaka 2011 akaanza kufanya kazi na daktari wa akili, Steve Peters. Tazameni kilichofuata: 2012 bingwa wa dunia, 2013 bingwa wa dunia. Kabla ya hapo alikuwa hajalishika tangu 2008.

Mwanamume akinyamaza siku tatu nyumbani tunasema ana kiburi, akigonga meza tunasema ana hasira. Huku kwetu Pangani na huko mjini Tanga ni hivyo hivyo. Wanaume wengi ninaowaona wanafika hospitali wakisema wanaumwa kichwa au hawapati usingizi, na ukikaa nao vizuri unakuta kuna jambo zito la miaka. Ronnie angezaliwa kwetu watu wangesema ana jini.

#8 PuliMakorora
Dada, angezaliwa Tanga tungekuwa tumeshampeleka Mapango ya Amboni na kuku mweusi siku nyingi.

#9 Binti_Pangani
Ndiyo maana nimeandika, kaka. Kuku angeliwa na ugonjwa ungebaki.

#10 Mkonge_Line
Dada wa Pangani hoja yako nzuri ila haimalizi kazi. 2001, 2004 na 2008 alichukua bila Peters. Na 2004 kuna mtu mwingine kabisa mnamsahau: Ray Reardon, bingwa mara 6 wa miaka ya 70. Mzee aliyewahi kuwa mchimba makaa ya mawe, kisha polisi, kabla snuka haijamlipa. Alimkalisha Ronnie akamfundisha kuficha mpira, kumwachia mwenzake kazi ngumu, kutokimbilia kila mpira mwekundu unaoonekana. Ronnie akaenda kumfunga Graeme Dott 18–8 kwenye fainali ya 2004. Baba yake bado yuko gerezani wakati huo. Mimi naona alichokosa ni mzee wa kumsikiliza, akimpata anatulia.

Ndiyo ilivyo kwa vijana wengi wa mjini hapa. Kipaji kipo, mzee wa kumshika mkono hayupo.

#11 Chumbageni_Jr
Jamani kabla hamjaendelea, mimi sijui snuka. 147 ni nini? Naona kila mahali.

#12 Mkonge_Line
Mipira myekundu 15, ya rangi 6, na mweupe wa kupigia. Ukiingiza mwekundu unapata 1, kisha unaingiza wa rangi. Mweusi ndio wenye thamani kubwa, 7. Ukifanya mwekundu na mweusi mara zote 15 una 120, halafu unazimaliza za rangi zote sita kwa mpangilio, 27. Jumla 147, bila kukosa, bila mwenzako kusimama. Mipira 36 mfululizo.

#13 Sahani_ya_Boko
Na Ronnie alifanya hivyo mwaka 1997 kwenye mashindano ya dunia dhidi ya Mick Price kwa dakika 5 na sekunde 20. Akalipwa pauni 165,000. Mwaka 2010 akakataa kumalizia mweusi wa mwisho kwa sababu tuzo ilikuwa pauni 10,000 tu, akapiga 146. Huo ndio ujeuri wa kumnyima makombe. Mtu wa namna hiyo pesa ndiyo inamwendesha.

#14 Mkonge_Line
Mkuu wa Boko, umeunganisha matukio mawili. Mwaka 2010 ilikuwa World Open, dhidi ya Mark King. Alipoanza tu zamu yake akamuuliza refa kuna tuzo gani ya 147, akaambiwa hakuna ya pekee. Akaendelea mpaka akabakiza mweusi wa mwisho, akaanza kuondoka na kumpa mwenzake mkono. Refa Jan Verhaas akamsihi auingize kwa ajili ya watazamaji, akarudi akauingiza. Kwa hiyo ile ni 147 halali. Ya pauni 10,000 ni Welsh Open 2016 na Barry Pinches. Pale ndipo alipocheza wa waridi badala ya mweusi kwa makusudi akamaliza na 146.

Na ule muda wa 1997, watu walikuja kuipima upya video. Sasa inahesabiwa dakika 5 na sekunde 8. Inategemea saa unaianzisha mpira gani, lakini 5:20 ni ya zamani. Sekunde 308 kwa mipira 36, yaani chini ya sekunde 9 kwa kila mpira, pamoja na kutembea kuzunguka meza ya futi 12. Itazameni ile video muone miguu yake. Hasimami. Mweupe ukiwa bado unatembea yeye ameshafika unakokwenda kusimama.

#15 Sahani_ya_Boko
Hata kama ni 2016, hoja yangu imesimama: mchezaji gani anaacha kilele cha mchezo wake kwa sababu ya hela? Waliokata tiketi je?

#16 Ngoma_ya_Raskazone
Mimi naona kinyume. Hiyo ni heshima kwa kazi yako. Tangu 1997 mpaka 2016 tuzo imeshuka kutoka 147,000 ya ile 147 yenyewe mpaka 10,000. Fundi akipewa ujira wa kumdhalilisha anaacha kazi. Wapiga ngoma wa hapa Tanga wanaalikwa harusini, wanacheza mpaka alfajiri, wanaambiwa "mtakula pilau". Mmoja akisema hapana mnamwita jeuri. Nimecheza dansi miaka mingi, najua.

#17 MzeeWaChaki
Nyote wawili mna lenu, ila kumbukeni 146 aliyoikubali ni ngumu kuliko mnavyodhani. Alibadilisha mpira kwa makusudi na bado akasafisha meza. Mtu mwenye hasira hafanyi hesabu namna hiyo. Alikuwa ametulia kabisa.

#18 Chumbageni_Jr
Ahsante kwa somo. Basi nitoe la kwangu. Mtaani kwetu kulikuwa na kijana wa puli ambaye kila mtu alikuwa anamlipia ili tu amtazame. Mkono wa kushoto na wa kulia, vyote. Siku ya mashindano ya mtaa, zawadi ni mbuzi, amebakiza mpira mmoja mweusi, mwepesi kabisa. Mtu akapita nyuma yake akicheka na simu. Akalaza fimbo juu ya meza, akavaa ndala zake, akaondoka. Watu walidhani anakwenda kujisaidia. Tangu hapo hajashika tena fimbo, sasa hivi ana bodaboda. Nikimuuliza anasema haina ladha. Haonekani kama mtu mwenye hasira. Anaonekana kama mtu aliyechoka.

#19 Kaskazi_Tanga
Umenikumbusha 2006, UK Championship kule York. Robo fainali, anacheza na Hendry, mechi ya hadi fremu 17, yuko nyuma 4–1. Fremu ya sita akakosa, akampa Hendry mkono, akatoka nje. Hakurudi. Faini pauni 20,800.

Sasa mleta uzi angeishia hapo. Mwezi uliofuata tu, Januari 2007, fainali ya Masters pale Wembley anacheza na Ding Junhui, kijana wa Kichina wa miaka 19. Watu ukumbini wanamzomea Ding na kumpigia kelele, Ronnie anaingiza kila kitu. Ding alivunjika moyo kiasi kwamba alitaka kuondoka kabla mechi haijaisha. Aliyemkumbatia begani na kutembea naye akimsemesha ni Ronnie. Akashinda 10–3, na muda wote wa mwisho anamtuliza mpinzani wake. Mwezi mmoja tu baada ya yeye mwenyewe kutoka nje. Mtu huyu utamwita nani? Mkorofi?

#20 Binti_Pangani
Hilo ndilo. Aliyewahi kuzama anamjua anayezama.

#21 MgosiWaDuga
Nakubali alikuwa na moyo mwema kwa Ding, hilo halina ubishi. Lakini mimi nahesabu makombe. Nichukueni 2005, robo fainali ya dunia na Peter Ebdon. Ronnie anaongoza 8–2. Nane kwa mbili! Ebdon akaamua kucheza taratibu, zamu moja alitumia zaidi ya dakika 5 kupata pointi 12. Muda ule ule Ronnie kwa ubora wake anapata 147. Ronnie kitini anajikuna paji la uso mpaka linakuwa jekundu, anageuka anamuuliza mtazamaji saa ngapi. Amefungwa 13–11. Alikuwa bingwa mtetezi. Hiyo siyo sonona wala baba, hiyo ni kukosa subira. Ebdon alijua dawa yake.

#22 PuliMakorora
Kucheza polepole makusudi ni uoga. Hapa kwetu mtu wa hivyo tunamzimia taa.

#23 MzeeWaChaki
Haikuwa uoga, mwanangu. Sheria ilimruhusu na alikuwa yuko nyuma. Ila tazama, kile kiti tena.

#24 Tongoni_Express
Nimechelewa. Mnaongea kana kwamba hulka ndiyo inagawa makombe. Basi mnipe jibu la Jimmy White. Mtu mcheshi, anapendwa na kila mtu, hana ugomvi na refa wala mpinzani. Fainali 6 za dunia, 1984 na kisha tano mfululizo kutoka 1990 hadi 1994, zote kafungwa. Nne kati ya hizo na Hendry. Upande wa pili Alex Higgins wa Belfast, mkorofi kuliko Ronnie mara kumi, mwaka 1986 alimpiga kichwa ofisa wa mashindano. Bingwa wa dunia mara mbili, 1972 na 1982. Mpole sifuri, mkorofi mbili. Kwa hesabu ya mleta uzi inakuwaje?

#25 MgosiWaDuga
Higgins angetulia angekuwa na sita.

#26 Tongoni_Express
Na White angekasirika angekuwa na sita? Mgosi, hoja yako haina mlango wa kutokea.

#27 Ngoma_ya_Raskazone
Kuna jambo hakuna aliyelisema. Hendry alichukua makombe yake 7 kati ya 1990 na 1999, akiwa na miaka 30 ameshamaliza. Akastaafu 2012. Ronnie la kwanza 2001, la saba 2022 alipomfunga Judd Trump 18–13 akiwa na miaka 46, bingwa wa dunia mzee kuliko wote. Miaka 21 kati ya la kwanza na la mwisho. Msimu wa 2012–13 karibu wote hakucheza, akarudi moja kwa moja Sheffield akatetea kombe, akamfunga Barry Hawkins 18–12. Wengine wanacheza mpaka mchezo unawatoka rohoni. Yeye akiona umemchosha anaondoka, anakwenda kukimbia mbio zake porini, akirudi ana njaa. Kwangu mimi kule kuondoka ndiko kulikomtunza.

#28 Kaskazi_Tanga
Hii nimeipenda. Ongeza na 2025: Januari kavunja fimbo yake baada ya kufungwa na Robert Milkins, akajitoa Masters, hakucheza mpaka Aprili. Akafika nusu fainali ya dunia. Akafungwa 17–7 na Zhao Xintong, ambaye ndiye akawa Mchina wa kwanza kuwa bingwa wa dunia. Agosti kule Saudia akapiga 147 mbili ndani ya mechi moja dhidi ya Chris Wakelin, ana miaka 49. Fainali kapoteza 10–9 kwa Neil Robertson.

#29 Sahani_ya_Boko
Kuvunja fimbo unaita kujitunza?

#30 Kaskazi_Tanga
Naita alichofanya baada ya kuivunja.

#31 Mkonge_Line
Tusisahau pia ile ya mkono wa kushoto. 1996 alipocheza na Alain Robidoux wa Kanada akahamishia fimbo kushoto, Robidoux akaona amedharauliwa, akakasirika kweli. Ronnie akajibu kwamba anacheza vizuri kwa kushoto kuliko Robidoux kwa kulia. Ikabidi athibitishe kwa kucheza fremu tatu za kushoto na Rex Williams, akashinda zote. Leo wapo wachezaji vijana wanaojifunza mikono yote. Kilichoitwa dharau kimekuwa mazoezi.

#32 Chumbageni_Jr
Mzee wa Chaki, ile meza ya Raskazone bado ipo? Kuna watoto wawili mtaani wangefaa kuiona.

#33 MzeeWaChaki
Ilipotoka pale sijui ilikokwenda, mwanangu. Meza ya futi 12 ina mawe chini ya kitambaa, haibebwi na watu wanne. Lakini waanzie puli, si vibaya. Waambie wasipige kwa nguvu. Wajifunze kwanza kuusimamisha mweupe wanapotaka, mpira wa kuingiza utakuja wenyewe. Na wakifungwa, wakae. Asiruhusiwe mtu kuondoka kabla mwenzake hajamaliza.

#34 PuliMakorora
Walete Makorora Jumamosi asubuhi kabla watu hawajajaa, koini juu yangu.

#35 Chumbageni_Jr
Ahsante mkuu, nitakuja nao. Na yule wa bodaboda nitajaribu kumshawishi.

#36 MgosiWaDuga
Mambo mazuri hayo. Ila Ngoma wa Raskazone, sijamalizana na wewe. Kama kuondoka ndiko kulikomtunza, 2005 mbele ya Ebdon hakuondoka popote. Alikaa mpaka fremu ya mwisho na akapoteza. Hapo unasemaje?

#37 Ngoma_ya_Raskazone
Nasema alimheshimu Ebdon akakaa. Nipe nimalize sala ya Isha nije na 2020, nusu fainali ya dunia na Mark Selby, Ronnie akashinda 17–16. Alikuwa nyuma fremu mbili na zimebaki tatu. Uniambie pale palikuwa na hasira au subira.